Je, wajua nyota ya mgahawa wa Ufaransa hupima nini?

Katika mitaa ya Lyon, mji wa Ufaransa unaosifika sana kwa mapishi, utaona vibao vyekundu vya Michelin, kitabu cha mwongozo kinachoipa migahawa bora nyota, kwenye milango ya baadhi ya migahawa. Wengi hudhani kibao hicho kinasifu ukumbi wa kifahari na wahudumu waliovaa suti. Sivyo. Nyota hutolewa kwa chakula peke yake.

Walioanzisha kitabu hicho mwaka 1900 ni ndugu wawili wa Clermont-Ferrand, André na Édouard Michelin, watengenezaji wa matairi. Magari ya Ufaransa nzima hayakufika 3,000, nao walitaka wenye magari wasafiri zaidi ili matairi yaishe haraka. Nyota zilianza 1926, na baadaye zikawa za ngazi tatu. Maana zake bado zinanukia safari: mbili, mgahawa unastahili uiache njia yako kuufuata, tatu, unastahili ufunge safari kwa ajili yake tu.

Wakaguzi huja bila kujulikana na hulipa bili kama mteja yeyote. Huangalia ubora wa vyakula vinavyopikwa, ufundi wa jikoni, ladha zinavyopatana, mkono wa mpishi mwenyewe, na kama ubora huo ni uleule kila siku. Kwangu hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, maana kupika vizuri mara moja wengi wanaweza.

Lyon yenyewe inalithibitisha. Mwaka 1933 Eugénie Brazier, mwanamke aliyekulia shambani, alipata nyota tatu kwa migahawa yake miwili kwa mpigo, mmoja mjini na mwingine mlimani, Col de la Luère. Paul Bocuse alijifunza kazi jikoni kwake, kisha mgahawa wake wa Collonges-au-Mont-d'Or, nje kidogo ya Lyon, ukashika nyota tatu tangu 1965. Mwaka 2020, miaka miwili baada ya kifo chake, ukabaki na mbili. Kwa hiyo usichague kwa ukubwa wa jina. Tazama orodha ya mwaka huu, kwa sababu nyota hupitiwa upya kila mwaka.

Kama mfuko hauruhusu chakula cha jioni, nenda mchana siku ya kazi. Migahawa mingi ya nyota huwa na menyu fupi ya mchana yenye bei maalumu, nafuu sana kuliko ya usiku, na anayepika ni mpishi yuleyule. Sheria inautaka mgahawa ubandike bei nje, tena malipo ya huduma yawe yamo ndani, hivyo hesabu yako unaipiga ukiwa bado barabarani. Weka nafasi mapema, ukijua kwamba mingi hufungwa Jumapili na Jumatatu. Kuna pia alama ya Bib Gourmand, iliyoanza 1997, kwa migahawa ya chakula kizuri na bei ya wastani. Binafsi ningeanza na hiyo.

Jambo moja zaidi: mapishi ya Lyon yamejaa nguruwe, na mchuzi mwingi hupikwa kwa mvinyo. Usiyetumia vitu hivyo, sema wakati wa kuweka nafasi, si ukiwa umeshakaa mezani, ili jikoni wapate muda wa kukuandalia kitu kingine cha hadhi ileile.