Gertrude Stein Aliandika Tamthilia kwa Kukusudia

Kila linapotajwa jina la Gertrude Stein, Mmarekani aliyeishi Paris, hakosi mtu wa kudai kwamba alikuwa mwandishi wa vitabu visivyosomeka, ambavyo watu wa jukwaani walivigeuza tamthilia baadaye. Dai hili limenichosha. Riwaya yake The Making of Americans, iliyotoka Paris mwaka 1925 ikiwa na kurasa zaidi ya 900, kweli ilifanywa opera baada ya kifo chake. What Happened ya mwaka 1913, hata hivyo, aliiandika ikiwa tamthilia, akaiita tamthilia, kisha akaichapisha katika Geography and Plays mwaka 1922.

Kinachowapoteza wasomaji ni sura ya maandishi yenyewe: mara nyingi hakuna orodha ya wahusika wala jina la msemaji, na maelekezo ya jukwaani hayatengwi na mazungumzo. Sababu aliieleza mwenyewe katika mihadhara aliyoitoa Marekani. Kwa maoni yake, hisia za mtazamaji haziendi sambamba na kisa anachokitazama. Ama hutangulia, ama hubaki nyuma, na jambo hilo lilimsumbua tangu utotoni. Ndiyo maana alitaka tamthilia itazamwe kama mandhari, ambayo haimharakishi mtu.

Chukua opera Four Saints in Three Acts, ambayo maneno yake alimwandikia mtunzi wa muziki Virgil Thomson. Jina linataja watakatifu wanne na sehemu tatu, ilhali watakatifu ni wengi na sehemu ni nne. Thomson aliyatilia muziki hata maelekezo ya jukwaani, hivyo waimbaji huimba namba za sehemu na za maonyesho. Alimgawa Mtakatifu Teresa kwa waimbaji wawili na kuongeza wasimulizi wawili. Muziki ulipokuwa tayari, mchoraji Maurice Grosser akabuni matendo ya jukwaani. Opera hiyo ilifunguliwa Hartford, Marekani, mwezi Februari 1934, ikiimbwa na Wamarekani Weusi pekee, na Stein aliitazama Chicago mwaka huohuo.

Hapo ndipo ninaposita. Ikiwa wasemaji na matendo vilitoka kwa wengine, makofi ya watazamaji yalikuwa ya nani? Naamini nafasi hizo aliziacha wazi makusudi, lakini siwezi kuapa kwamba kila kilichozijaza ni chake. Thomson alisema aliwachagua waimbaji wale kwa ufasaha wa matamshi yao. Maelezo hayo hayajawahi kuniridhisha, kwa kuwa hayagusi jinsi watazamaji Wazungu wa wakati ule walivyozoea kuwatazama Weusi jukwaani.

Ninachokikataa ni kuuita ujazaji huo uharibifu. Katika Doctor Faustus Lights the Lights ya mwaka 1938, mwanamke mmoja anaitwa Marguerite Ida na Helena Annabel, na matini haisemi aigizwe na watu wangapi. Mwongozaji Mmarekani Robert Wilson, alipoiongoza Berlin mwaka 1992, alimkabidhi mhusika huyo kwa waigizaji watatu. Hakuna mstari wowote wa Stein unaomzuia, na mwongozaji atakayemweka mwigizaji mmoja naye atakuwa amefanya uamuzi.