Meno ya papa kwenye mito ya Arusha? Ndugu zangu, tuelewane

Tangu mvua za masika zipungue na kingo za mito zianze kumomonyoka, sisi tunaochunguza mabaki ya kale hatukai wiki bila mtu kuja mezani kwetu na kikopo. Ndani kuna pamba, juu ya pamba kuna "meno ya papa" aliyookota kandokando ya Themi, Nduruma au Kikuletwa. Wengine wanakuja wameshayapangia bei. Video za Marekani zimechangia sana: mtu anachekecha changarawe mtoni, anainua jino jeusi linalong'aa, anatia mfukoni na kwenda zake. Watu wetu wakadhani mto ni mto.

Peace River ya Florida haina maajabu. Maji yake yanachimbua matabaka yaliyotandikwa wakati bahari ilipoifunika nchi ile, mamilioni ya miaka iliyopita. Kwenye fukwe za mto Potomac kule Virginia ni hivyo hivyo. Papa hubadilisha meno maisha yake yote, maelfu kwa maelfu, na kwa kuwa mwili wake umeshikiliwa na gegedu, si mfupa mgumu, nalo huoza upesi, meno ndiyo yanayobaki. Weusi wake unatokana na madini ya udongo yalimolala, kwa hiyo jino jeusi zaidi si lazima liwe la kale zaidi.

Sasa Arusha. Hapa tumekalia lava, majivu ya volkano na tope la maziwa ya kale. Papa wa baharini alipitia njia gani? Swali hili tunalijibu mpaka tunachoka. Mwenye hamu ya papa wa kale wa Tanzania aulizie Tendaguru, Lindi, ambako matabaka ya bahari yamepishana na yale yenye mifupa ya dinosaria. Kanda yetu ina visukuku tele, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, ila vya aina nyingine. Hata mbolea ya Minjingu unayomwaga shambani asili yake ni mabaki ya samaki na ndege wa ziwa la kale.

Basi kikoponi huwa kuna nini? Juzi nilimimina cha kijana mmoja wa bodaboda, vipande vinne. Viwili ni kioo cheusi cha volkano, kingo kali kama wembe. Cha tatu chonge la mbwa, tena mbwa wa majuzi. Cha nne kikanifanya nivute kiti: jino la mamba, zito kama jiwe, limeiva rangi ya kahawia. Jino la papa ni bapa kama kisu na mzizi wake umetanuka pande mbili. Hili lilikuwa mviringo, limechongoka, na chini lina tundu la kuingiza ncha ya kidole. Kisukuku halisi. Nikamuuliza kalitoa wapi. "Chini ya daraja, mzee, ila sikumbuki upande gani." Hapo kazi ikaishia. Taya la Peninj, la zamadamu, lililoonwa na Kamoya Kimeu, mtafuta visukuku kutoka Kenya, mwaka 1964, magharibi ya Ziwa Natron, tunalijua umri kwa sababu tabaka lililolihifadhi linajulikana. Jino la kikoponi halina tabaka.

Upande wa sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, pamoja na marekebisho ya 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na pia visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo. Papa yumo, mamba yumo. Kuchimba bila leseni ni kosa. Kuuza bila leseni ni kosa, na kusafirisha nje ya nchi bila leseni ni kosa pia, hata kama ni kajino kamoja ndani ya begi la mtalii pale KIA. Adhabu ni faini au kifungo. Mtafiti anaanza na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kisha leseni ya Idara ya Mambo ya Kale. Akiwa mgeni anahitaji pia kibali cha ukaazi daraja C. Akiingia Ngorongoro, mamlaka ya hifadhi ina utaratibu wake. Risiti ya ushuru wa mchanga si leseni. Shamba kuwa lako si leseni. Na kabla ya yote hayo, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli zinazoharibu mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, kwa hiyo chepe lako lina kesi nyingine pembeni.

Hatumtishi mtoto aliyeinama akaona kitu. Ukikiona, kiache kilipo. Piga picha tatu: ya karibu ukiweka sarafu kando kwa kipimo, ya ukingo wote, na ya alama isiyohama kama daraja au mti mkubwa. Washa GPS ya simu. Kisha mjulishe mwenyekiti wa kijiji au afisa utamaduni wa halmashauri, au fika Makumbusho ya Elimu Viumbe pale Boma. Kama tayari umekiokota, kilete kilivyo. Usikilambe kuona kama kinanata ulimini, usikipake vanishi, na tafadhali sana usikisugue kwa mswaki: ule udongo ulioganda kwenye tundu ndio tunaouanza kuusoma.