Kwa nini kilo zilizopungua hurudi? Maswali na majibu kuhusu dayati

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa mara nyingi na watu wanaotaka kupunguza uzito. Wengi wao wameshajaribu dayati mara mbili, tatu, na kila mara uzito umerudi.

Wiki ya kwanza nilipungua kilo nne, halafu mizani ikagoma. Nimekosea wapi?

Hukukosea. Sehemu kubwa ya kilo hizo ilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni, na kila gramu yake hushika maji ya gramu tatu hivi. Ukiacha ghafla ugali, wali na chapati, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka kwa mkojo. Mafuta hupungua polepole zaidi. Ukila wali siku mbili, maji yanarudi, na hapo ndipo watu hukata tamaa wakidhani kazi yote imeharibika.

Nyumbani wananiambia sina msimamo, ndiyo maana nanenepa tena. Ni kweli?

Hapana, na maneno hayo yamewaumiza watu wengi bure. Mwili haujui kuwa unajiandaa kwa harusi. Unachojua ni kwamba chakula kimepungua, kwa hiyo unajilinda kama wakati wa njaa. Leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta na kuupa ubongo habari kuwa akiba ipo, hushuka. Ghrelini, inayotoka tumboni na kuamsha njaa, hupanda. Watafiti wa Australia walichapisha mwaka 2011 matokeo ya watu waliofuata dayati kali kwa wiki 10: mwaka mmoja baadaye homoni hizo zilikuwa bado zinawasukuma kula.

Jambo hili lilionekana zamani. Kuanzia Februari 1945, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya waliojitolea, takriban nusu ya walichozoea, kwa miezi sita. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Lakini pia waliwaza chakula mchana kutwa, wengine wakawa wanakusanya vitabu vya mapishi. Walipoachiwa kula, walikula sana na bado wakajisikia njaa. Hao walikuwa vijana imara waliochaguliwa kwa uangalifu. Sasa mama anayekunywa maji ya limau asubuhi kisha anawapikia watoto maandazi, tumlaumu kwa lipi?

Tena mwili uliopungua hutumia nishati kidogo kuliko awali, hasa kama misuli nayo imepotea. Ukirudia sahani yako ya zamani, sasa inazidi mahitaji yako.

Niache wanga au niache mafuta?

Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa matokeo ya watu 609 waliofuatiliwa mwaka mzima, wengine wakipunguza wanga, wengine mafuta. Makundi yote mawili yalipungua kilo 5 hadi 6 kwa wastani, bila tofauti ya maana. Kwa hiyo jiulize kwanza kama mwakani utakuwa bado unaweza kula hivyo, familia yako ikiwa mezani. Dayati inayokutaka ujipikie sufuria yako peke yako haidumu katika nyumba zetu.

Mimi huanza na vinywaji na mafuta ya kupikia. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari zaidi ya gramu 30. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kilokalori 120 hivi, na mara nyingi tunamimina bila kupima. Pima mafuta, punguza ugali kidogo, ongeza mchicha na maharage au dagaa ili ushibe na kulinda misuli. Sufuria ni ileile, na nyumba nzima inafaidika.

Na chai za kupunguza tumbo?

Nyingi huwa na sanamaki, dawa ya kuharisha. Unapoteza maji na madini, kitambi kinabaki.

Nina kisukari. Naweza kuanza dayati mwenyewe?

Usianze kabla ya kuonana na daktari wako. Ukitumia insulini au glibenklamaidi (vidonge vya kushusha sukari) kisha ukaruka mlo, sukari inaweza kushuka hadi ukazimia. Mjamzito na anayenyonyesha nao wapate ushauri kwanza. Na usisubiri kurudi kwenye uzito wa ujana: mwenye kilo 100 akipungua 5 tu na kubaki hapo, sukari na presha mara nyingi huanza kushuka, na daktari anaweza kulazimika kupunguza dozi. Nenda na daftari lako la vipimo.