Biti Mbili kwa Kila Rejista

KVM, sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe (kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta halisi), iliyoingizwa katika kerneli toleo la 2.6.20 mwaka 2007, huiacha prosesa itekeleze yenyewe maagizo mengi ya mashine hiyo, yaani mgeni. Kiigaji, programu inayoiga kazi ya prosesa, huitwa pale prosesa inapokwama, kwa mfano mgeni anapoandika kwenye anwani ya kifaa kinachoigizwa na programu. Hapo kiigaji hulifasiri agizo baiti kwa baiti na kulitekeleza kwa niaba ya prosesa, na rejista za mgeni, yaani vihifadhi vidogo vya thamani ndani ya prosesa, huwa amana mikononi mwake.

Katika x86 ya biti 64 rejista za matumizi ya jumla ni 16, lakini agizo la kawaida hugusa moja, mbili au tatu tu. Kwa hiyo kila rejista hunakiliwa pale inapohitajika, na huwekewa biti mbili: moja husema kwamba nakala imeshasomwa, nyingine kwamba imebadilishwa na inangoja kurudishwa.

Biti ya pili ndiyo ninayoithamini zaidi. Chukua PUSH ya baiti 8, agizo la kuweka thamani juu ya rafu (stack): RSP, rejista inayoonyesha kilele cha rafu, hupunguzwa kwa 8, kisha thamani huandikwa kwenye kumbukumbu. Ikiwa ukurasa (kipande cha kumbukumbu) unaoandikwa haupo, mgeni hupewa hitilafu, mfumo wake huuleta ukurasa, na agizo hurudiwa tangu mwanzo. Katika kiigaji changu cha kwanza nilikuwa nikiandika moja kwa moja kwenye rejista halisi, hivyo RSP ilipungua mara mbili, na programu ya mgeni ilianguka baadaye kabisa, kwenye RET, agizo la kurudi kwa aliyeita, iliyochukua kwenye rafu anwani ya kurudi isiyo yake. Nilitafuta kosa kwenye RET kwa siku nyingi, ilhali lilikuwa kwenye PUSH. Tangu hapo mabadiliko yote hubaki kwenye nakala, na hurudishwa agizo likikamilika tu. Likishindikana, nakala hutupwa.

Upana wa kinachoandikwa kwenye rejista nao una sharti lake. Kuandika EAX, nusu ya chini ya rejista RAX, hufuta biti 32 za juu za RAX, kwa hiyo thamani ya zamani haihitajiki. Kuandika AL, baiti ya chini kabisa ya RAX, huziacha baiti saba nyingine kama zilivyo, kwa hiyo lazima RAX isomwe kwanza. Ukiiwekea alama ya kubadilishwa bila kuisoma, utamrudishia mgeni takataka katika baiti hizo saba.

REP MOVSB, agizo la kunakili baiti moja baada ya nyingine, haiingii kwenye kanuni ya yote au hapana, kwa sababu kila mzunguko wake huhesabiwa kuwa umekamilika. Ikinakili baiti 1000 na hitilafu ikatokea kwenye ya 601, RCX (idadi iliyobaki) lazima iwe 400, RSI na RDI (anwani za inakotoka na inakokwenda) ziwe zimesogea kwa 600, na RIP (anwani ya agizo) ibaki kwenye agizo lilelile, ili mgeni aendelee palepale alipokatizwa. Kwa hiyo hapa rejista hurudishwa kila mzunguko unapokwisha, na kinachotupwa ni mzunguko ulioshindikana peke yake.