Fomu ya Fidia na Mwamba Usiohesabiwa

Bamvua likifika, zile siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, wanawake wa mwambao wa Lindi na Mtwara hushuka pwani mapema na vijiti vyao. Maji yakishapwa, mwamba hubaki wazi kwa saa chache tu, na humo ndimo wanamochokoa pweza na kuokota kombe. Wengine huenda kuangalia kamba zao za mwani. Kinachopatikana siku hiyo ni kitoweo, na kikizidi huuzwa kikawa daftari na sare za mtoto. Hakuna stakabadhi wala hati.

Sasa chukulia kwamba mradi mkubwa umekuja. Mthamini wa fidia anapita nyumba kwa nyumba na fomu yake, anahesabu mikorosho, minazi, vyumba, kisima. Anauliza mwenye mali ni nani. Jina linaloandikwa mara nyingi ni la baba, na ule mwamba haumo kabisa. Jambo hili huniuma zaidi ninapokumbuka kwamba Wamakonde, Wamwera na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama.

Nimeanzia hapo kwa makusudi. Haki ya mazingira na usawa wa kijinsia husikika kama maneno ya mikutano ya mbali, kumbe huamuliwa kwenye karatasi ile, chini ya mwembe wa kijiji.

Gesi iligunduliwa Songo Songo, kisiwa cha Kilwa mkoani Lindi, mwaka 1974 na Ghuba ya Mnazi, Mtwara, mwaka 1982. Ya Songo Songo inazalisha umeme wa Dar es Salaam tangu 2004, na bomba la kutoka Mtwara lilizinduliwa 2015. Likong'o, Lindi, ndipo palipotengwa kwa mtambo wa kusindika gesi iwe kimiminika. Siyapingi maendeleo haya. Umeme ni uhai. Lakini mradi unaowaangazia mamilioni huku ukimwacha mama mmoja bila pwani yake na bila senti una deni kwake, hata kama kila karatasi imegongwa muhuri.

Sheria yetu haijamsahau mama huyu, ingawa haijamfikia vya kutosha. Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Inataka pia fidia iwe kamili, ya haki na itolewe bila kuchelewa. Inakwenda mbali zaidi: ardhi ikiwa kwa jina la mume, na mke ameitolea jasho lake kuilima au kuiendeleza, naye anahesabiwa kuwa na haki ndani yake. Na nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Hilo lipo tangu Sheria ya Ndoa ya 1971.

Pengo liko kwenye kipato. Kanuni za fidia za 2001 zinaruhusu kulipia faida iliyopotea kwa miezi 36, lakini ni ya biashara inayofanyika juu ya ardhi inayochukuliwa, na inapohitajika ithibitishwe kwa hesabu zilizokaguliwa. Mchokoa pweza atampata wapi mkaguzi wa hesabu? Kwa maoni yangu, hapa ndipo watunga kanuni wanapotakiwa kurudi mezani. Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake, mwaka 2007, na itifaki hiyo inataka wanawake washiriki katika maamuzi kuhusu mazingira na maendeleo.

Kushiriki kwenyewe kuna saa yake. Katika mwambao wetu, siku za bamvua maji hupwa sana karibu saa nne asubuhi, saa ileile ambayo vikao vingi vya vijiji huitishwa. Mkutano wa maoni ya tathmini ya athari kwa mazingira ukifanyika wakati huo, wanaoujua mwamba kuliko wote wako majini. Wenyeviti wa vijiji, tafadhali, ulizeni maji kabla ya kupanga siku.

Nawe mama, nenda na wenzako, si peke yako. Taja mwamba kwa jina lake, eleza mnavua miezi gani na mnauza kwa nani, kisha simama hapo mpaka katibu aandike. Muhtasari usomwe kwa sauti kabla ya kusainiwa. Fomu ikifika nyumbani, iulizie jina lako kabla mumeo hajatia dole gumba.