Mionzi ya tezi dume: mara 37, 20 au 5?

Kila nikija Tanga likizo, baraza la kahawa la Ngamiani hugeuka kliniki. Safari hii alinivuta pembeni mzee mmoja mvuvi. Ana saratani ya tezi dume, haijatoka nje ya tezi, na ameandikiwa mionzi mara 20 Dar, hospitali ya saratani ya Ocean Road.

"Mwanangu, jirani yangu miaka ile alipigwa mara 37. Mjukuu wangu kasoma kwenye simu, Uingereza wanapiga 5. Mimi wananipunja au wananizidishia?"

Wanafunzi wangu hawajawahi kuniuliza swali zuri hivyo.

Mionzi hupimwa kwa grei. Utaratibu wa zamani ulikuwa grei 2 kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, mpaka zitimie 74: wiki saba na nusu. Saratani nyingi hukua mbio, na dozi ndogondogo huzimaliza huku nyama nzima iliyo kando ikipata muda wa kujiganga. Ya tezi dume ina tabia nyingine. Mara nyingi hukua polepole, na ikipigwa kidogo nayo hujiganga vizuri tu. Ipige kwa kishindo, haiwahi. Ndiyo maana jumla ya grei inaweza kushuka na saratani ikadhibitiwa vilevile.

Utafiti wa CHHiP wa Uingereza, wenye wanaume zaidi ya 3,000, ulionyesha mwaka 2016 kwamba grei 60 kwa mara 20 hazikuwa nyuma ya 74 kwa mara 37. Kwa mtu wa Tanga hizo ni zaidi ya wiki tatu za kulala kwa ndugu Dar ambazo hazihitajiki tena. Hajapunjwa.

Na hizo 5? Mjukuu kasoma sawasawa. Katika utafiti wa PACE-B, matokeo ya 2024, wanaume 874 wenye saratani ya hatari ndogo au ya kati waligawanywa makundi mawili; kundi moja lilipewa grei 36.25 kwa mara 5 tu. Baada ya miaka 5, saratani haikuwa imerudi kwa asilimia 95.8 yao, na 94.6 kwa waliopigwa kwa utaratibu mrefu. Ila usumbufu wa mkojo uliohitaji dawa au zaidi uliwapata karibu 27 kati ya 100, dhidi ya 18. Hapa ndipo vichwa vya habari hunyamaza.

Tena dozi kubwa haisamehi kukosea. Tezi husogea, puru ikijaa gesi tu imeshahama, kwa hiyo mashine lazima ipige picha kila mara kabla ya kuchoma. Mgonjwa aende haja kubwa, anywe maji, kisha abane mkojo ili kibofu kijae na kusukuma utumbo juu. Kwa mzee wa miaka sabini kitu, kubana huko ndiyo kazi hasa. Mionzi yenyewe haiumi.

Nikiwa katikati ya maelezo, mzee alikuwa ameshanyanyuka mara mbili kwenda msalani. Nikamuuliza usiku anaamka mara ngapi.

"Sita. Siku nyingine saba."

Nikamwambia kwa mkojo wa namna hiyo, hata mashine ya mara 5 ingekuwa hapa hospitali ya Bombo, mimi ningesita kumweka. Hizo 20 ndizo zake. Akaomba kikombe kingine, nikamkataza kahawa, akacheka.

"Basi nitoe madema kwanza. Bamvua likiisha napanda basi."