Neno "tutaangalia" linavyowapeleka mameneja CMA

Kwenye mafunzo ya mameneja tunayoendesha hapa Arusha na Moshi huwa naanza na swali moja tu, mfanyakazi akikujia na malalamiko unamjibu nini, na karibu kila mtu anasema "tutaangalia". Hapo ndo shida inapoanzia. Tutaangalia lini, nani ataangalia, na yeye arudi siku gani kuchukua jibu? Anaondoka na neno lisilo na tarehe, anasubiri mshahara unaofuata haoni kitu, anaanza kuwasimulia wenzake kwenye daladala, we unakuja kushtuka umeitwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA inayoshughulikia migogoro ya kazi, unasema mbona hakuniambia. Alikuambia jamani.

Kuna mama mmoja wa usafi kwenye hoteli moja Moshi alimfuata supavaiza wake na karatasi ya shifti ameikunja mara nne, amezungushia kalamu siku tatu alizoingia usiku na nyongeza hakuiona. Supavaiza, kijana mdogo tu, akamjibu amesimama mlangoni simu mkononi. Hata kiti hakumpa! Mtu mzima kaja na ushahidi wake, unamjibu huku unasoma meseji, iliniuma sana niliposimuliwa.

Na yule mama hakuwa anaomba hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku inaongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi, ovataimu ndo mara moja na nusu. Meneja asiyejua haya atamuona kila anayedai kuwa ni mkorofi.

Kwa hiyo tunawafanyisha mazoezi, mmoja anakuwa mfanyakazi mwingine meneja. Mkaribishe akae, funga mlango, muache amalize bila kumkatisha hata kama anakosea, manake ukianza kujitetea dakika ya kwanza kesi imeshaharibika, halafu andika maneno yake kama alivyoyasema, msomee, msaini wote wawili abaki na nakala, na mpe tarehe ya jibu. Kama anayelalamikiwa ni wewe mwenyewe, mpe mwingine alishughulikie.

Kitu kinachonikera zaidi ni kulipiza kwa shifti. Mtu kalalamika Jumatatu, ratiba ya wiki inayofuata kapangiwa wikiendi zote, hakuna barua wala onyo ila kila mtu jikoni kaelewa, na kuanzia hapo hakuna atakayekuambia kitu tena mpaka mambo yalipuke, hasa Julai na Agosti wageni wamejaa na watu wamechoka.

Mjue pia muda unakimbia, aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufungua mgogoro CMA, migogoro mingine siku 60. Ukimzungusha unamlazimisha awahi huko kabla mlango haujafungwa.

Yule mama wa usafi, meneja mkuu wa hoteli alikuja kumuita, akampa kiti na tarehe. Siku mbili zilikuwepo kwenye mahudhurio wakalipa, ya tatu haikuonekana, ikabidi wafungue daftari la getini. Mlinzi alikuwa kaandika jina lake, kaingia saa 2 kasoro usiku, katoka saa 12 na robo asubuhi.